Motokaa Yenye Macho Matatu

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Jahazi haliji pwani lenyewe, yuko aliyekata mti, yuko aliyepasua mbao, yuko aliyepiga misumari na kutia kalafati. Motokaa nayo ni chombo, ingawa ni cha nchi kavu. Ina waundaji wake, ina mwaka wake wa kuzaliwa, tena ina safari zake. Lakini watu wengi huipita motokaa kuukuu iliyosimama kando ya njia, husema, "Gari bovu hilo," kisha huenda zao. Neno hilo si jina. Ni sawasawa na kumwita mtu "mzee yule," na usijue ukoo wake wala kijiji chake.

Habari hii ni ya motokaa moja ya namna hiyo, iliyokuwa imesimama mjini Njombe. Yafaa kuisoma polepole, kwa maana ndani yake mna hesabu, mna elimu ya madini, na mna jambo la haki pia.

Mji wa Njombe uko katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya Wabena, nchi ya viazi, mahindi, chai na miti ya mbao. Mwezi wa Juni na mwezi wa Julai baridi huwa kali, hata asubuhi nyingine umande huganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Ukishika barabara ya kwenda kaskazini, baada ya kilometa 60 hivi utafika Makambako. Huko njia nyingi zakutana: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na mpaka wa Zambia, barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na mwaka 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860 toka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Mahali njia zikutanapo mafundi hawakosi. Na penye mafundi, wanunuzi wa vyuma chakavu hawako mbali.

Motokaa yenyewe ilisimama kando ya nyumba ya bibi mmoja mjane, si mbali na soko la Njombe. Magurudumu yake yalikuwa hayana upepo, na kuku walitaga mayai juu ya kiti cha nyuma. Rangi yake ilikuwa bluu, lakini mahali ilipobanduka ilionekana rangi ya kijani chini yake. Jambo lililowachekesha watoto ni taa zake. Palikuwa na matundu mawili ya taa katikati, huku na huku ya wavu wa mbele, karibu karibu kama macho ya bundi; tena palikuwa na tundu la tatu katika madigadi ya kushoto. Madigadi ya kulia haikuwa na tundu. Kwa hiyo watoto wa mtaa waliiita Macho Matatu.

Mvulana mmoja wa darasa la sita alipita hapo kila siku akienda shule. Alipenda sana motokaa, naye alikuwa na daftari alimoandika kila namna aliyoiona barabarani. Juu ya Macho Matatu alikuwa ameandika, "Jeep ya vita." Hakuna aliyemwambia hivyo, aliwahi kuona picha ya Jeep ya askari wa Marekani katika kitabu, akaona zafanana. Wenzake walipomwuliza, alijibu bila kusitasita, nao wakamwamini.

Siku moja, siku ya Ijumaa, alimkuta mnunuzi wa vyuma chakavu aliyetoka Makambako akizungumza na yule bibi.

"Bibi," alisema mnunuzi, "hiki ni chuma tu. Hakitembei, wala hakitatembea tena. Jumatatu nitakuja na mizani na watu wa kukikata, nami nitakulipa kwa kilo kama vyuma vingine vyote."

Bibi akanyamaza kidogo. Motokaa hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe. Hata hivyo alikuwa na wajukuu wawili waliohitaji sare za shule, na bati za jiko lake zilikuwa zimetoboka. Akajibu, "Vema, baba. Njoo hiyo Jumatatu, nami nitakuwa nimefikiri."

Mvulana alikwenda zake na huzuni. Alitaka kusema neno, lakini aliona hana neno la kusema. Kama bibi angemwuliza, "Mjukuu wangu, hii ni motokaa gani?" angejibu nini? Angesema Jeep, na kama mnunuzi angeuliza, "Umejuaje?" hapo angekwama.

Kesho yake mama yake mdogo alikuwa apeleka viazi Makambako, naye akaomba kufuatana naye. Huko aliishi ndugu wa babu yake, fundi aliyetengeneza motokaa tangu ujana wake. Walimkuta amekaa juu ya gurudumu kuukuu, akisafisha kabureta kwa mswaki.

"Kamwene, babu. Shikamoo."

"Kamwene, mjukuu wangu. Marahaba. Habari za Njombe?"

"Njema, babu. Nimekuja kukuuliza habari za Jeep moja iliyo karibu na soko letu."

"Nani amekuambia kuwa ni Jeep?"

Mvulana akatazama chini, asiweze kujibu. Mzee hakumcheka. Aliweka kabureta chini, akaanza kumfundisha.

"Ukitaka kuijua motokaa kuukuu," alisema, "usiiulize rangi yake, maana rangi hununuliwa dukani. Wala usikiulize kibao cha namba kilicho mbele na nyuma, maana hicho hutolewa na serikali wala si na kiwanda, nacho chaweza kubadilishwa. Hata jina lililoandikwa juu ya boneti laweza kutoka kwenye motokaa nyingine. Iulize vitu vitatu. Kwanza, mwili wako ni wa madini gani? Pili, toka gurudumu la mbele hata la nyuma ni urefu gani? Tatu, namba uliyopigwa kiwandani ni ipi? Kisha tazama umbo lake, uone kama lakubaliana na majibu hayo."

Akaingia ndani, akatoka na sumaku aliyoitoa katika spika ya redio mbovu, na kamba nyembamba ndefu. Akampa vyote viwili, akamwambia, "Kwanza omba ruhusa kwa mwenyewe. Mali ya mtu haipimwi bila idhini yake, hata ikiwa mbovu."

Siku ya Jumapili alasiri mvulana akaenda kwa bibi, akamwamkia, akaomba ruhusa. Bibi akacheka, akawafukuza kuku, akasema, "Pima, mjukuu wangu. Hata mimi nataka kujua."

Akaanza na sumaku. Akaiweka juu ya boneti, ikaanguka. Akaiweka juu ya mlango, ikaanguka. Akaijaribu juu ya madigadi zote mbili na ubavuni; ikaanguka tena. Lakini alipoishusha chini kwenye chesisi, ilinata kwa nguvu; na alipoiweka juu ya ukuta utengao injini na mahali pa dereva, ilinata vilevile. Basi akajua ya kuwa mifupa ya motokaa hiyo ni chuma, lakini ngozi yake si chuma. Na Jeep ya vita, kama alivyoambiwa na babu yake, ina ngozi ya chuma. Akalifuta neno lake katika daftari.

Kisha akachukua kamba. Akamwomba mjukuu wa bibi ashike ncha moja katikati ya gurudumu la mbele, naye akaivuta mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, akafunga fundo. Akapima upande wa pili vilevile, apate kuhakikisha. Halafu akailaza kamba juu ya futi ya fundi cherehani, akapata sentimeta 277.

Hapa hesabu yahitajiwa. Kiwanda kilichounda motokaa hizo kilipima kwa inchi, na inchi moja ni sentimeta 2.54. Ukizidisha 109 kwa 2.54 utapata 276.86, yaani karibu 277. Ukizidisha 88 kwa 2.54 utapata 223.52, ambayo ni pungufu sana. Kwa hiyo urefu wa motokaa ile toka gurudumu hata gurudumu ulikuwa inchi 109.

Namba ilikuwa kazi ngumu zaidi. Kibao kidogo cha kiwanda kilikuwa ndani, kimefunikwa na vumbi na mafuta. Bibi alileta kitambaa na mafuta ya taa kidogo, wakasugua pamoja. Namba ikatokea polepole: tarakimu ya kwanza ilikuwa 2, na mwishoni palikuwa na herufi moja. Mvulana aliona pia ya kuwa saa za mwendo na za mafuta ziko katikati, wala haziko mbele ya dereva. Yote hayo akayaandika.

Jioni ile mama yake mdogo akampigia mzee simu, na mvulana akasoma majibu yake moja moja. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeiuliza vema, nayo imekujibu. Hiyo ni Land Rover, ile ndefu, ya namna iitwayo Series IIA."

Yafaa wanafunzi wajue asili ya motokaa hizo. Baada ya vita kuu ya pili, iliyokwisha mwaka 1945, chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza, nacho kiligawanywa na serikali kwa kipimo. Kampuni ya Rover ilikuwa na mhandisi mkuu jina lake Maurice Wilks. Yeye alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi. Akafikiri, "Kwa nini sisi tusiunde motokaa ya kufaa shamba na njia mbovu?" Mwaka 1947 ya kwanza ya kujaribia ikaundwa, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa watu katika maonyesho ya Amsterdam. Kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa haba, chesisi tu na sehemu chache ziliundwa kwa chuma hicho; mwili uliundwa kwa mchanganyiko wa alumini ulioitwa Birmabright. Alumini haishikwi na sumaku, wala hailiwi na kutu kama chuma. Ndiyo sababu motokaa nyingi za namna hiyo zimedumu miaka mingi zikinyeshewa na mvua. Ubaya wao huanzia chini, kwenye chesisi.

Za kwanza zilikuwa fupi, inchi 80 tu toka gurudumu hata gurudumu, na mbavu zake zilikuwa bapa. Baadaye zikarefushwa mara kwa mara. Mwaka 1958 ilitoka Series II, ambayo ubavu wake umetuna kidogo chini ya dirisha kama tumbo la pipa. Mwaka 1961 ilifuata Series IIA. Mwishoni mwa miaka ya 1960 taa za mbele zilihamishwa toka katikati zikawekwa katika madigadi. Mwaka 1971 ilitoka Series III, ambayo saa zake ziko mbele ya dereva, nayo iliundwa hata mwaka 1985. Namba za kiwandani za Series IIA nyingi zilianza kwa tarakimu 2 na kuishia kwa herufi. Ukiyajua hayo, waweza kuisoma motokaa kama usomavyo barua.

Lakini je, lile jicho la tatu? Mvulana alimwuliza mzee, naye mzee akamrudishia swali: "Wewe waonaje?"

Mvulana akafikiri. Matundu mawili ya katikati yalisema motokaa ni ya kabla ya taa kuhamishwa. Madigadi ya kushoto ilisema ni ya baadaye. Madigadi ya kulia, isiyo na tundu, ilikubaliana na yale mawili ya katikati. Basi akajibu, "Babu, nadhani madigadi ya kushoto ni ngeni. Imetoka kwenye motokaa nyingine iliyo changa kuliko hii."

"Nadhani haitoshi," alisema mzee. "Yuko mtu awezaye kukuambia kwa hakika. Kamwulize."

Mvulana akarudi kwa bibi. Bibi aliposikia swali hilo, alikaa kimya, kisha akaanza kueleza. Mumewe aliinunua motokaa hiyo katika mnada, ikiwa imekwisha tumika miaka mingi. Wakati ule barabara ya kwenda Songea ilikuwa haijatiwa lami. Kazi hiyo ilifanywa katika miaka ya 1980. Masika ilikuwa matope matupu, na malori yalilala njiani siku mbili tatu. Mumewe alichukua viazi, alichukua mbao, na mara nyingi usiku aliamshwa achukue mgonjwa au mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa. Usiku mmoja wa ukungu, akimpeleka mgonjwa hospitali, aligonga nguzo ya daraja kwa upande wa kushoto. Mgonjwa alifika salama. Madigadi iliharibika kabisa. Akanunua nyingine kuukuu huko Makambako, nayo ndiyo iliyokuwa na tundu la taa.

"Alisema ataliziba," bibi akamaliza, "asilizibe mpaka alipofariki."

Siku ya Jumatatu mnunuzi alifika na mizani na watu wawili wenye mashoka na misumeno. Bibi alikuwa mlangoni, na mvulana kando yake, kwa maana ilikuwa kabla ya saa ya shule.

"Baba," alisema bibi kwa upole, "wewe ulisema hiki ni chuma. Mjukuu huyu anasema ni Land Rover ya alumini. Hebu tazama."

Mvulana akaweka sumaku juu ya boneti, ikaanguka majanini. Mnunuzi akatazama, asistaajabu hata kidogo. Akatia mkono mfukoni, na mfukoni mwake mlikuwa na sumaku yake mwenyewe. Kwani hapana mnunuzi wa vyuma aendaye kazini bila sumaku. Siku ya Ijumaa alikuwa nayo vilevile, lakini hakuitoa. Alumini chakavu ni ghali kuliko chuma chakavu mara kadhaa, naye alijua.

"Basi, bibi," akasema, "mwili nitaupima mbali, na chuma mbali."

"Asante, baba," bibi akajibu, "lakini leo siuzi kwa kilo."

Siku ya tatu yake mzee fundi alikuja toka Makambako. Akaikagua chesisi kwa nyundo ndogo, akisikiliza mlio wake toka mwanzo hata mwisho. Mahali pawili mlio ulikuwa wa kufifia, maana kutu ilikuwa imekula ndani. Akamwambia bibi waziwazi ya kuwa motokaa hiyo haitatembea tena kwa chesisi yake. Lakini yeye alikuwa na nyingine ya namna ile ile, yenye chesisi nzima, iliyokosa milango, boneti na gia. Akataja bei, bibi akataja yake, wakapatana katikati. Sare za shule zilinunuliwa, na bati za jiko pia.

Wanafunzi wengine watasema, "Laiti ingetengenezwa yote ikatembea tena!" Mvulana naye alitamani hivyo, na siku motokaa ilipovutwa kwenda Makambako alisimama njiani mpaka ilipopotea machoni. Lakini kitu chenye jina hata kikigawanywa hugawanywa kwa akili: mlango huenda mahali pa mlango, na gia mahali pa gia. Kisicho na jina hukatwa kwa shoka na kupimwa kwa kilo. Bibi hakubakiza kitu illa madigadi ya kushoto, yenye tundu la tatu. Fundi hakuihitaji, wala yeye hakutaka kuiuza.

Motokaa kuukuu bado zipo katika nchi yetu. Nyingine zimehifadhiwa kwa heshima. Katika Makumbusho ya Taifa huko Dar es Salaam yako magari ya zamani, na baadhi yake yalimchukua Mwalimu Julius Nyerere. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha toka pande nyingi, mpya kwa kuukuu, wakaandamana barabarani. Nyingine zimesimama uani zikilala na kuku, nazo hazina mtu wa kuzitaja.

Basi, mwanafunzi, ukiona mojawapo mjini kwenu, usifanye haraka kusema, "Ni hii" au "Ni ile," kwa sababu umeona picha inayofanana nayo. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Chukua sumaku, chukua kamba, safisha kibao usome namba. Mashahidi wako wasipopatana, usimchague yule akupendezaye. Tafuta sababu ya kutopatana kwao. Na ukimaliza kuiuliza motokaa, muulize na mwenyewe, maana sumaku na kamba havikujua habari ya usiku ule wa ukungu darajani.